Toeni Jina Langu Kwenye Maombi ya Wagonjwa

Doha, Jumapili, mwezi wa Agosti
Mwaka wa tatu tangu nitoke Kathonzweni

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Magoti yameamkaje? Je, jua limetuachia mbaazi zozote shambani? Mimi ni mzima. Narudia, mama: mimi ni mzima, na nina sababu ya kurudia.

Dada Mwende ameniambia kwamba ulipoona picha niliyotuma juzi ulilia, ukampelekea mchungaji jina langu, na sasa kanisa zima linaniombea pamoja na wagonjwa. Eti nimekonda, na kwamba huku Doha wananinyima chakula. Jirani naye ameanza kunong'ona kwamba nina ule ugonjwa usiotajwa.

Sasa nisikilize. Ile picha uliyoitundika sebuleni, nikiwa na mashavu na kitambi, ndiyo picha ya mgonjwa. Kazi yangu ni kubeba magunia ya simiti. Siku zile nilikuwa nikila wali mweupe sinia nzima na kuku wa mafuta, na soda nakunywa kama maji kwa sababu ya joto. Nikawa nasimama katikati ya ngazi kutafuta pumzi. Otieno, ninayelala naye chumba kimoja, akanitania mbele ya watu: "Mkamba, kwani unanoneshwa uchinjwe Krismasi?" Msimamizi hakucheka. Alisema ngazi ikinishinda tena, nitarudishwa kwetu.

Ndipo nikarudia chakula chako. Mbaazi ziko tele katika maduka ya Wahindi hapa, na muthokoi, mahindi yetu yaliyotwangwa kutoa maganda, aliniletea Mutua wa Kasikeu alipotoka likizo. Otieno anauita chakula cha ng'ombe, lakini ndiye anayekwangua sufuria.

Halafu nasikia wewe umegawa kinu! Eti mama wa mtu aliye ng'ambo hatwangi. Asubuhi mkate na soda, jioni chapati za mafuta. Muuguzi akakuonya kwamba uzito unamaliza magoti na presha imepanda, nawe ukamjibu, "Unene huu ni heshima ya mwanangu." Mama, heshima hiyo siitaki. Sikuja kubeba simiti jangwani ili wewe ushindwe kutembea. Najua kutwanga kulikuvunja mgongo. Najua pia muthokoi unakukumbusha miaka ya njaa, tulipokula huo huo tu na haukutosha. Basi usitwange. Peleka mahindi kwa mashine pale sokoni. Lakini rudia mbaazi na mboga za kunde, na majirani uniachie mimi.

Kasirika ukitaka. Hata baba angekuwa hai ningemwambia hivi hivi.

Msalimie Mwende, na usimgombeze kwa kuniambia ukweli. Msalimie mjomba anayechunga mbuzi kule Tseikuru. Yeye ni mwembamba kuliko sisi sote na hakuna aliyewahi kumwombea. Mchungaji naye mwambie alitoe jina langu kwenye maombi hayo, aweke lako, na aendelee hadi magoti yapone.

Nitarudi Desemba, wakati wa palizi. Nitakuja mwembamba hivi hivi, na nataka unipokee kule barabarani, umefika kwa miguu yako mwenyewe.

Mwanao asiyeumwa popote,
Musyoka