Magharibi Imegoma Kuingia Oslo

Jumatano, katikati ya Julai. Johannesburg. Baridi kavu, ile ya kupasua midomo. Jua lipo lakini halina kazi.

Leo situlii. Nimekaa, nimesimama, nimefagia duka ambalo halikuwa na uchafu. Nimekata mkono wa gauni la mteja kinyume, nikajikuta nina mikono miwili ya kushoto na wa kulia haupo. Mimi, fundi wa miaka yote hii! Mama Furaha, Mkongo anayesuka nywele upande wa pili wa chumba cha biashara tunachokodi pamoja hapa Doornfontein, aliniona kwenye kioo chake akacheka bila huruma.

"Mama Salma, leo roho yako haiko hapa. Iko kule kwa mutoto."

Kweli tupu. Roho yangu iko Oslo.

Salma ni binti yangu, ana miaka kumi na sita. Shule zilipofungwa kwa likizo ya baridi alikwenda Norwei kwa mdogo wangu Hidaya, aliyeolewa huko siku nyingi. Ni safari yake ya kwanza bila mimi. Nilimfungia begi mwenyewe: sweta tatu, koti zito, soksi za sufu. Nikasahau kwamba sisi tukiganda huku, wao huko wanaogelea. Sweta hazijatoka begini mpaka leo.

Pale uwanja wa ndege nilimpa kanuni moja tu, ile anayoijua tangu alipoanza kutembea: magharibi ikukute ndani. Niliisema mbele ya baba yake, na Hidaya akaisikia kwenye simu. Wote wakaitikia. Nikarudi nyumbani moyo mweupe.

Hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe.

Wiki ya kwanza picha zilikuja nikazifurahia sana. Gati la mbao katikati ya mji, watu wamekaa miguu imening'inia majini. Vijana wanaruka kutoka kwenye ubao mrefu. Kuna vibanda vya mvuke vinavyoelea bandarini, watu wanatoka humo wekundu wanajitupa kwenye maji baridi, eti ni starehe. Salma kwenye kivuko akienda visiwani. Salma akimenya kamba wa baharini kutoka kwenye mfuko wa karatasi. Muziki wa bure jioni, jukwaa liko juu ya maji, kwaya ya wazee waliovaa kofia za aina moja. Nikasema alhamdulillah, mtoto anaona dunia. Mchana wanatembea, jioni wanarudi. Ningedhani nini kingine? Kila picha ina jua.

Jumapili, Baba Salma akiwa hana zamu, tulikuwa tumeshakula, tumeswali isha, mapazia yamefungwa, hita iko miguuni. Nikampigia kwa video. Akapokea akiwa gatini na aiskrimu mkononi, jua linampiga usoni mpaka amefinya macho. Nyuma yake watoto wadogo kabisa wanakimbizana. Nikatazama saa ya ukutani. Nikatazama simu. Wakati huu wa mwaka saa zetu na za Oslo ni zile zile, hilo nalijua. Saa tatu usiku kwangu, saa tatu usiku kwake.

"Salma! Mko wapi saa hizi?"

Sura ya Hidaya ikajipenyeza pembeni. "Dada, usipige kelele, watu wanageuka. Si ulisema magharibi? Huku bado. Ikiingia saa nne na nusu utatukuta ndani."

Baba Salma aliweka kikombe chini akacheka mpaka akafuta machozi. Nilimnunia hadi asubuhi.

Nilijiona nimechezewa shere. Kwa kanuni yangu mwenyewe wamejipatia uhuru ambao sijawahi kumpa mtu yeyote ndani ya nyumba hii. Hapa mwezi huu jua linatua kumi na moja na nusu. Mtoto anatoka shule, anavuka pale kwenye robot, zile taa za barabarani, anapita kiduka cha spaza kuchukua mkate, anaingia, mlango unafungwa, basi. Huko, kwa maneno yale yale, anazurura bandarini hadi saa nne. Tangu Jumapili nimezunguka na hasira hiyo kama mtu mwenye jino bovu. Asubuhi hii nikaamua kanuni inabadilika. Saa kumi na mbili jioni, kwa saa ya ukutani, jua liwepo lisiwepo.

Nilikuwa nimeshika simu nirekodi. Ujumbe wake wa sauti ukaniwahi.

Salma hunijibu kwa Kiingereza siku zote. Kiswahili anakielewa chote, hasa umbea, lakini hakimtoki mdomoni. Leo amejikongoja nacho mpaka mwisho.

"Mama, shikamoo. Jumamosi kuna ngoma pale kwa maji. Group ya Mama Mdogo wanacheza lelemama, na mimi napiga upatu. Lakini sisi ni wa mwisho, so... itapita magharibi. Kidogo tu. Naomba, Mama. Ukikataa ni sharp, sawa tu, nitarudi mapema na Baba Mdogo."

Nimeusikiliza mpaka Mama Furaha ameukariri.

Kumbe hakunichezea. Siku zote hizi amekuwa akiivizia magharibi ya huko na kurudi nayo nyumbani kwa uaminifu, na ilipotaka kumpita kwa kidogo tu, ameomba ruhusa. Angenyamaza ningejuaje? Ningekuwa nimelala. Nimeona aibu, na wala aibu haikunituliza, imenitibua zaidi. Hasira nilikuwa nimeshaizoea. Sasa nimebaki na swali lake tu, ndiyo au hapana.

Na ombi lenyewe! Lelemama ni ngoma ya akina mama wa kwetu Tanga, wamejipanga mstari, wamependeza, wanayumba taratibu na kuringa. Upatu ni ile sahani ya shaba inayopigwa kuwaongoza. Mama yetu sisi alikuwa anaupiga. Salma hakuwahi kuuona kwa macho, maana hapa ungepigwa wapi, kwenye korido ya ghorofa ya sita? Amefundishwa na Hidaya, jikoni Oslo, kwa kugonga sinia. Bibi yake angekuwa hai angelia.

Mama Furaha hakuona tatizo. "Muache mutoto acheze, ni vacances, likizo. Yuko na mama yake mudogo, unaogopa nini?"

Nikamjibu sijui.

Uongo. Najua vizuri. Naogopa atazoea. Nimemwona kwenye zile video anavyotembea huko, simu mkononi waziwazi, anaongea, anacheka, hageuki nyuma. Hapa simu inakaa kifuani kwa kuogopa vibaka mpaka ufike ndani. Mabega yake yameshuka, hayajakazwa kwa hofu. Nimemzaa, nimemlea, na sijawahi kumwona mwanangu barabarani mabega yameshuka. Akishaonja usiku wa namna ile atakuja kuniomba na hapa, na mimi sina wa kumpa.

Alasiri Baba Salma alipita dukani akielekea kazini. Ni mlinzi, zamu yake ni ya usiku. Nikamweleza. Akasema, "Mimi usiku ndio ofisi yangu, na hujawahi kunifungia mlango." Nikamwambia yeye ana redio na koti la kuzuia risasi. Alitaka kucheka, akaacha. Akanishika bega akaondoka.

Wakati nafunga duka ndipo nikakumbuka kitu ambacho sijui kilijificha wapi miaka yote hii. Kwetu, magharibi ikikaribia tuliitwa ndani mbio, tusije tukapitiwa na mashetani. Tulinawa, tukaswali, tukala. Kisha? Kisha tulitoka tena! Barazani, uani, kwa jirani, kelele mpaka usingizi utushinde. Magharibi ilikuwa saa ya kuingia kidogo, haikuwa mwisho wa siku. Nilipohamia huku nilibeba ile ya kuingia. Ile ya kutoka tena niliiacha.

Salma amekua akidhani dini ndiyo inayomfungia mlango. Ni mimi, na mtaa huu.

Nimerekodi nikafuta. Nimerekodi tena, sauti ikatoka kama ya mwalimu mkuu, nikafuta. Mwisho nimesema tu:

"Swalini kwanza, hapo hapo kando ya maji. Halafu pandeni jukwaani. Upige usikike. Urudi na mama yako mdogo, na ukifika uniambie."

Akajibu papo hapo. "Mama, serious? Eish! Nakupenda!" Na Hidaya akanitumia video ya mazoezi, Salma anagonga sinia, anakosea, anajicheka, akina mama wa watu wanapiga vigelegele. Nimeitazama nikiwa nimesimama ngazini na mifuko mkononi, mpaka jirani akaniomba nimpishe.

Nilidhani nikishajibu nitatulia. Sijatulia. Chai imepoa mezani, nimeinuka kuangalia kama mlango nimeufunga, na nilishaufunga. Jumamosi hainisumbui tena, itapita salama, inshallah. Kinachonisumbua ni wiki ijayo.

Wiki ijayo atashuka kwenye ndege na zile sweta tatu, zimekunjwa kama nilivyozikunja. Ataingia nyumbani mapema, namjua. Magharibi itamkuta ndani. Ataswali, atakula, atasaidia kuosha vyombo. Nje geti la jengo litakuwa limeshafungwa, kama lilivyofungwa sasa hivi nikiandika haya.

Halafu ataniuliza, "Mama, na hapa tunatoka tena saa ngapi?"