Baba, Ukuta Wako wa Boma

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Masika imekatika na kaburi lako pale Sindeni limeanza kuota majani. Mama hajambo, ila bado anapika ugali wa watu watatu. Baada ya arobaini nilirudi Korogwe kumalizia peke yangu ukarabati wa lile boma la zamani tulioanza pamoja.

Paa limeshaezekwa. Mbele wameweka njia ya mteremko kwa ajili ya viti vya magurudumu, na ile ofisi ya karani sasa ni vyoo vya maji. Ungenuna kwanza, halafu ungekwenda kukagua vigae. Ukumbi walimokuwa wakihukumiwa watu enzi za Mjerumani ndio utakuwa maktaba. Ule ukuta wake wa kaskazini, ulioupiga lipu ya chokaa kabla hujaugua, hauna hata ufa. Nikipita naugusa. Ndiyo kazi yako ya mwisho, na nilitaka ibaki kama ulivyoiacha.

Kisha akaja Shabani, fundi umeme. Ukumbi una giza, madirisha ni membamba, na maktaba isiyo na taa ni stoo ya vitabu tu. Waya lazima zipite ukuta ule. Akasema, "Dada, tuzipitishe kwa nje, tufunike na plastiki." Nikakusikia kabisa: "Ukuta si kamba ya kuanikia nguo!" Lakini kuukata mfereji wa waya nako ulikuwa hutaki. Sasa umeme ungepita wapi, Baba, hewani? Ulikuwa mbishi wewe. Hata ubishi wako naukumbuka.

Nikamzungusha Shabani kwa visingizio. Asubuhi moja nikamkuta ameshika mashine ya kukatia, nikapiga kelele, maana ile ingeng'oa lipu mapande mapande. Nikachukua patasi yako ndogo niukate mwenyewe kwa mkono. Nikaulowesha ukuta kwanza. Nikaugonga kwa kidole nikasema hodi, kama ulivyokuwa ukiuambia kila ukuta wa zamani kabla hujaugusa, na vibarua wakikucheka. Safari hii hakucheka mtu.

Chini ya lipu nikakuta mikwaruzo uliyoiweka ili tabaka la juu lishike. Imelalia kushoto yote. Mkono wako, Baba. Nililia pale pale mbele ya watu, na sikuacha kukata.

Mfereji umetoka mwembamba. Nimeuziba kwa chokaa uliyoiloweka mwenyewe shimoni, imeiva, laini kama siagi. Jana taa ziliwaka, na ukuta wako ukaonekana wote, mpaka kule juu darini ambako sisi wenyewe tulikuwa tukipapasa tu.

Pumzika, Baba. Mungu akupe nuru huko uliko. Umebaki ukuta wa kusini, nao hauna budi kukatwa. Nakuahidi nitaukata mimi.

Mwanao,
Zuhura