Vidole vya Mama

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu nyingi. Kifua kimepona? Wifi hajambo? Na mwanenu Kibonge, bado anakomba sufuria? Sisi tupo, ila moyo wangu haujatulia. Simu yako haipatikani tangu juzi, kwa hiyo barua hii nampa jirani yetu dereva, atakufikishia kesho asubuhi.

Bado niko pale kwa dobi. Mashine inavuja, sakafu haikauki, na mabuti ya mpira tunapokezana: anayemaliza zamu anavua, anayeingia anatia miguu humo humo, yana joto bado. Nikaanza kuwashwa katikati ya vidole. Ngozi ikawa nyeupe, ikalowana, ikamenyuka, mwisho ikapasuka. Harufu yake, Kaka, nilijionea haya. Mpiga pasi wetu akanitania kwamba sasa hata mbu watanihama.

Mimi sikucheka. Nilimkumbuka marehemu Baba na mguu aliokatwa, nikajua basi, sukari imenifikia na mimi. Nikaficha miguu ndani ya soksi kutwa kucha, kumbe ndiyo nazidisha.

Mwishowe nikaenda zahanati. Nesi alinipima, sukari sina. Akasema ni fangasi, akanipa dawa ya kupaka na kunisisitiza nikaushe vizuri katikati ya vidole. Nikashusha pumzi. Halafu akaniuliza nyumbani navaliana viatu na nani.

Unazijua kandambili zetu za bafuni, jozi moja nyumba nzima. Nilipomwambia nesi kwamba Mama naye anazivaa, na ana sukari, uso ukambadilika. Alisema kwa mtu kama yeye ufa mdogo tu unaweza kugeuka kidonda kisichopona, nikamwangalie siku hiyo hiyo.

Mama hajawahi kulalamika kuwashwa, nikajipa moyo njia nzima. Nilimketisha kitandani, nikavipanua vidole vyake vya mwisho. Weupe ule ule, na ufa mwekundu unaotoa maji. Naogopa, Kaka, sikufichi. Kliniki hataki kusikia, anasema miguu haimsumbui. Anakusikiliza wewe tu. Tafuta simu yoyote umpigie, ili kesho niweze kumtoa nyumbani.

Msalimie Wifi, na Kibonge mfinye shavu kwa niaba yangu. Mama anawasalimu, hajui ninachokuandikia.

Akikwambia haumwi, usitulie. Nilipougusa ule ufa kwa pamba ya maji ya chumvi, nilifumba macho nikingoja apige kelele. Aliniuliza kama nimeshaanza.

Mungu atuachie mama yetu, na akulinde huko uliko.

Mdogo wako akupendaye,
Dada wa kwa dobi