Vipepeo Juu ya Kinyesi cha Tembo

Jumatano, 5 Februari. Nachingwea.
Kesho kutwa safari. Hemedy kanunua nyavu mpya za kunasia vipepeo, anazipunga sebuleni kama mtoto! Mume mzima, mwalimu wa baiolojia. Tutakuwa wanne: yeye, mimi, Brigita nesi, na Emmanuel mwenye kamera. Kazi yetu ni kupiga picha kila ua la porini na kila kipepeo, tuandike tulikoviona. Mvua zimenyesha vizuri, anasema, maua yametapakaa.
Tembo nao wametapakaa. Mwezi uliopita wameua mtu, anatoka zake shambani. Nikamkumbusha. Akasema, Munira mke wangu, tembo hana ugomvi na walimu.
Sikucheka.

Ijumaa, 7 Februari. Mtua.
Siku nzuri. Niandike ukweli — nzuri kabisa! Tumepata ua jekundu lenye petali zilizojikunja kwenda juu, kama moto wa kuni. Brigita kateleza kwenye tope, kakaa chini, kacheka mpaka machozi. Emmanuel kapata kipepeo mweusi mwenye madoa ya buluu, anatuonesha picha kila baada ya dakika mbili.
Nilisahau kuogopa. Mchana mzima nilisahau.
Tunalala kwa shangazi yake Brigita. Alikuwa anachambua mboga, akauliza kesho tunaelekea wapi. Mkotokuyana, tukamwambia. Mikono ikasimama.
“Huko mahindi yameanza kubeba,” akasema. “Na wenyewe wanajua.”
Hatukuuliza wenyewe ni nani. Hemedy akaomba chumvi.

Jumamosi, 8 Februari. Mkotokuyana, asubuhi.
Vipepeo wengi kuliko siku zote! Weupe, wa njano, wamesongamana chini, mabawa yanafunguka na kujifunga. Emmanuel kalala kifudifudi anapiga picha. Hemedy anashangilia.
Wametua juu ya kinyesi cha tembo. Kibichi. Kinafuka moshi.
Nilisema. Hemedy akasema ndiyo, wanapenda chumvichumvi yake. Jamani! Nazungumza nini, ananijibu nini!
Bibi Mwanawetu, mwenye shamba, hakuficha. “Piga picha yako, mwanangu, uende. Hao wamekula kwangu usiku. Hawajafika mbali.”
Nusu saa tu, bibi, kasema Hemedy. Tushuke kijitoni kidogo, halafu twende tukale Ruangwa mjini. Wakashuka watatu. Mimi nimekataa. Nimebaki na bibi, chini ya dungu lake la kulindia mahindi.

Mchana. Juu ya dungu.
Tuko juu. Naandika ili nisipige kelele.
Tulisikia matawi yanavunjika. Bibi alinisukuma ngazini. Nikapanda, yeye nyuma yangu, mzee vile! Tembo wakatoka kwenye miti. Jike na mtoto wake. Wameingia kwenye mahindi, kati yetu na kijito. Wanang’oa, wanatafuna. Nasikia matumbo yao yananguruma.
Brigita na Emmanuel nimewaona wakikimbilia gari letu kule barabarani. Wamefika. Alhamdulillahi. Lakini Hemedy hayupo nao.

Simu haina mtandao. Nimejaribu, nimejaribu.

Ni yeye! Katokea ng’ambo ya shamba, anaita. “Munira! Munira!” Ananitafuta. Mahindi yamempita kimo, haoni tembo. Sisi huku juu tunawaona wote.
Nikafungua mdomo. Bibi akauziba kwa kiganja chake, kinanuka udongo.
“Ukimjibu atafuata sauti,” ananinong’oneza. “Na wakubwa wako katikati.”
Kwa hiyo nanyamaza. Mume wangu anaita jina langu na mimi nanyamaza.
Anaita tena. Sauti imebadilika — sasa anaogopa. Hemedy anaogopa! Jike kaacha kula. Kafungua masikio. Mtoto kaingia chini ya tumbo lake.
Rudi nyuma, Hemedy. Rudi kwenye gari.

Nimevua mtandio, nimesimama. Bibi kanishika gauni nisianguke. Nampungia: rudi, rudi, rudi!

Kauona mtandio. Kaniona!
Anacheka. Kaweka mkono kifuani, kama mtu aliyetua mzigo. Kadhani namwita.
Anakuja mbio