Joka Nyuma ya Shujaa

Kwa Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Baba amerudi kazini, na bomba la jikoni bado linavuja.

Jumamosi mkutubi aliniomba niwasomee watoto kile kitabu cha picha cha joka na shujaa wa mavazi ya chuma. Nilikiinua ili hata waliokaa nyuma waone. Tulipofika pale shujaa anapokunywa maji mtoni huku joka linamnyemelea, nilinyamaza kwa mazoea. Hapo ndipo zamani mdogo wangu alikuwa akipiga kelele, "Geuka, we mzembe, liko nyuma yako!" na maktaba nzima inacheka, hata Mama, aliyekuwa akijifanya hamjui.

Safari hii watoto walinitazama tu.

"Dada, umesahau kusoma?" mmoja akauliza.

"Hajasahau," mwenzake akamjibu. "Anaogopa joka."

Nikageuza ukurasa.

Shangazi, uliandika kwamba tangu umchukue mdogo wangu baada ya mazishi ya Mama, hajatamka hata neno moja. Tafadhali usimlazimishe. Nimeuchora ukurasa ule kwa penseli za rangi na kuuweka humu, ingawa mkia wa joka haukutoka vizuri. Mwonyeshe akiwa ameshiba, usimwambie kitu, kisha ungoje. Akikaa kimya, mwonyeshe tena siku nyingine. Akipiga kelele, usimkanye, hata kama kuna wageni.

Wewe ngoja tu. Shujaa yule hageuki mpaka aambiwe.

Nami nangoja huku,
Binti wa kaka yako