Ovakado Nne za Mama Kerubo

Jumamosi, Sabato imekwisha

Alidhani kosa ni lake. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumatatu Mama Kerubo alinunua ovakado nne kwangu pale sokoni Keumbu. Zilikuwa za mamake, ambaye hana meno na siku hizi anakula vitu laini tu. Akaniuliza, "Zitaiva kufikia Sabato?" Nikamwambia zitaiva.

Nilijua ni changa. Nilizichuma kabla hazijakomaa ili niwahi soko kabla ya majirani, na ovakado iliyochumwa changa haiivi. Inasinyaa tu, inakuwa kama mpira.

Leo baada ya ibada amenishika mkono. "Dada, zimekataa kuiva. Nilizifukia kwenye mahindi. Ama niliziweka vibaya?"

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu, na bado nimeshika Biblia...

Mdomo wangu huu! Nikamwambia azifunge pamoja na ndizi mbivu, angoje siku tatu zaidi.

Akanishukuru sana. Akasema atamwambia mamake avumilie kidogo, maana kila asubuhi mzee huyo anazibonyeza moja moja, kuona kama zimelainika.