Ukuta Ulioanguka Penalti Ikipigwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi Mnadani, Kibondo. Jumapili, tarehe 5 Mei 2013, saa 4:10 asubuhi.

Jina: Rabia Hamisi Kilua. Umri: miaka 38. Kabila: Mzigua. Dini: Mwislamu. Kazi: mkufunzi wa sayansi na meneja wa timu ya mpira, Chuo cha Ualimu Ruchugi Juu, Kasulu. Makazi: nyumba za wakufunzi, chuoni.

Kosa: kuharibu mali, yaani ukuta wa uwanja wa Mnadani. Mtuhumiwa: Nkunzimana Josefu, mwanachuo.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Naomba tuandike haraka, kwa sababu Nkunzimana ni golikipa wetu, yuko mahabusu tangu saa 1 asubuhi, na kesho saa 2 asubuhi anaanza mtihani wake wa mwisho wa ualimu huko Kasulu. Akiukosa, atasubiri mwaka mzima. Barabara mnaijua wenyewe. Tusipoondoka kabla ya saa 7 mchana hatufiki.

Afande ameniambia nianzie kwenye ukuta. Nimemwambia ukuta hautaeleweka bila timu, akasema basi kwa kifupi.

Chuo chetu ni kidogo, na wengi ni wasichana. Wavulana, ukiwatoa wagonjwa na wavivu, wanatosha timu moja na wa akiba wachache. Mwaka jana tulifungwa mechi zote. Umeneja nilipewa kwa sababu sikuhudhuria kikao. Uwanja wetu umeinama, na nyuma ya goli la chini kuna bonde. Mpira ukipita unaufuata hadi mtoni. Sheria ya Mwalimu Sylvesta, kocha wetu, ni kwamba aliyeuachia ndiye anayeufuata. Nkunzimana alishuka lile bonde mwezi mmoja, akachoka, akaacha kuuachia. Tangu Februari mwaka huu kafungwa magoli mawili tu. Tuliwafunga wa Kasulu mjini, tukawafunga wa Muyama kwao, mvua inanyesha, nami nikapoteza kiatu kimoja na sikukitafuta. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tangu nihamishiwe mkoa huu.

Fainali ya Kombe la Vyuo iliahirishwa mara mbili kwa ajili ya mvua, ndiyo maana ikagongana na mitihani. Mnamo tarehe 4 Mei 2013 tulifika uwanja wa Mnadani kwa lori mnamo saa 9 alasiri kucheza na chuo cha ufundi cha hapa Kibondo. Mashabiki wao walituimbia, "Chaki, leo mnafutwa."

Kwenye lango la kuingilia uwanjani tulikuta udongo umechimbwa na kufukiwa upya. Vijana wakasimama. Evaristi, nahodha wetu, akasema, "Mwalimu, hapa hatupiti. Wametuwekea kitu." Nikawaambia udongo ni udongo. Sylvesta akaniambia, "Dada Rabia, sayansi utawafundisha Jumatatu." Leo hii mtunza uwanja, Pasikali, ambaye ndiye mlalamikaji, ametueleza kwamba alikuwa anasimika nguzo ya lango. Jana hakuna aliyemuuliza.

Basi lori likarudi kinyumenyume hadi kwenye ukuta wa nyuma, upande wa soko, na timu nzima ikapanda kutoka kwenye lori na kurukia ndani. Hilo silikatai. Nkunzimana alikuwa wa mwisho kati ya wachezaji, na ndiye mrefu kuliko wote, kwa hiyo Pasikali alimwona vizuri. Lakini wa mwisho kabisa nilikuwa mimi. Nilipanda na gauni langu, nikakaa juu ya ukuta, nikaogopa kushuka, nikakaa tena. Kilo zangu sizitaji hapa, afande ananiona. Ukuta haukutikisika.

Mpira ulianza saa 10 kamili. Evaristi alifunga dakika ya ishirini kwa kichwa, na hapo nilimkumbatia mtu nisiyemjua. Kipindi cha pili walitushambulia mpaka nikawa naongea peke yangu. Watu walizidi kujaa, waliokosa nafasi wakapanda ule ukuta wa nyuma, wakakaa wamebanana mwanzo hadi mwisho. Ni ukuta wa tofali mbichi, na masika yote umeloa.

Dakika ya themanini na nane beki wetu alishika mpira. Penalti. Ilipigwa kwenye goli la upande wa langoni, yaani ukuta ulikuwa mbali, nyuma ya goli la pili. Nilitaka kufumba macho nikajikaza. Mpigaji alipiga chini kulia, kwa nguvu kweli. Nkunzimana aliruka, akaudaka kwa mikono miwili, akauficha tumboni. Wale wa ukutani waliinuka wote kwa pamoja kushangilia goli ambalo halikuwepo, na ukuta ukaenda nao chini. Nilisikia kishindo, nikaona watu wanatoka kwenye tope wakicheka na kujipangusa. Namshukuru Mungu hakuna aliyevunjika. Nkunzimana alikuwa bado amelala na mpira, anasema, "Imana ishimwe," akimshukuru Mungu huyo huyo kwa lugha ya kwao. Tukawa mabingwa. Nililia, na sioni aibu.

Pasikali si mwongo. Alimwona kijana akipanda, baadaye akaona ukuta uko chini, akajumlisha. Katikati kuna mpira mzima ambao hakuuona kwa sababu alikuwa analinda lango. Pia amemwita Nkunzimana mkimbizi. Nkunzimana amezaliwa Kagerankanda, wilayani Kasulu, aliyetoka Burundi ni babu yake. Hilo limeniuma kuliko mahabusu, na naomba neno hilo lifutwe.

Nimeulizwa kama naweza kuwatambua waliokaa ukutani. Nimejibu kwamba siwezi, mimi nilikuwa naangalia mpira. Anayeweza kuwataja ni yule aliyekaa nao.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: R. H. Kilua

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika maelezo haya mimi, Koplo Leonidasi, na kumsomea shahidi. Neno "mkimbizi" limefutwa kwenye hati ya malalamiko. Mtuhumiwa amedhaminiwa na shahidi saa 5:30 asubuhi ili awahi mtihani. Naomba jalada hili akabidhiwe mpelelezi mwingine, kwa kuwa siku ya tukio sikuwa zamu, na nilikuwa nimekaa juu ya ukuta huo.